Kustaafu Uingereza: mwongozo kamili wa kutembelea miji midogo na pabu zake za jadi

Mwongozo huu nimemwandikia mstaafu anayeishi Uingereza, na pia mzazi aliyekuja kukaa na watoto wake miezi kadhaa, ambaye siku za katikati ya wiki zinampita akiwa kwenye kochi. Wengi wetu tumefanya kazi nchi hii miaka nenda rudi tukiujua mji mmoja tu, tena kwa njia zake tatu nne: nyumbani, kazini, dukani, ibadani. Pensheni ikianza kuingia ndipo tunagundua kuwa kuna vituo tumevipita kwa treni maisha yote bila kushuka hata mara moja.

Ushauri wangu ni kwamba ushuke, na ukishashuka uitafute pabu, yaani baa ya Kiingereza, iliyo ya zamani mjini humo. Ukienda kwenye kasri utalipa kiingilio na kutembea nyuma ya kamba. Ukienda kwenye kanisa la kale mara nyingi utalikuta wazi lakini halina mtu. Pabu unaingia bure, unakaa saa mbili kwa bei ya soda, na wenye mji wao wamo humo wanaongea. Jumanne saa nane mchana wengi wao ni wastaafu kama wewe, na mtu wa kaunta ana nafasi ya kujibu maswali. Mfanyakazi anayeingia Ijumaa usiku hapati hilo, maana pabu ya saa hizo ni kelele na msongamano.

Si lazima unywe pombe. Hilo nalifikia mbele.

Hatua ya 1: Shika kadi za safari kwanza

Ukiwa mkazi wa England na umefikia umri wa pensheni ya serikali, omba kadi ya basi ya bure kwenye halmashauri yako. Umri huo ulikuwa miaka 66, na kati ya 2026 na 2028 unapanda taratibu hadi 67. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini huanza na miaka 60. Watu wengi hudhani kadi hiyo ni ya mtaani kwao tu, kumbe ya England inatumika kwenye mabasi ya kawaida ya England nzima: Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, na wikiendi na sikukuu kutwa nzima. Kwa safari zetu huo muda unatosha kabisa, kwani pabu nyingi hazifunguliwi kabla ya saa tano au saa sita mchana.

Kwa treni, nunua Senior Railcard. Ni ya mtu yeyote mwenye miaka 60 na kuendelea, inauzwa pauni 35 kwa mwaka au 80 kwa miaka mitatu, na inapunguza theluthi moja ya nauli nyingi. Safari mbili tatu za mbali zinairudisha hela yake. Mzee aliyekuja kwa matembezi, yeye pia anaweza kuipata: aende dirishani kituoni na pasipoti yake. Kwa safari za ndani ya London na kusini-mashariki haitumiki saa za asubuhi za watu wanaokwenda kazini, hivyo panga kuondoka kuanzia saa nne.

Mimi napenda basi kuliko treni kwa safari isiyozidi saa moja. Magoti yakiruhusu, panda ghorofa ya juu ukae kiti cha mbele kabisa. Kutoka pale unaona mashamba yaliyofichwa na uzio, na vibao vya pabu za vijijini vikija kimoja baada ya kingine. Shuka ngazi basi likiwa limesimama, dereva atakusubiri.

Hatua ya 2: Chagua mji kwa kazi uliyokuwa ukiifanya

Usichague mji kwa picha za mtandaoni. Jiulize mji huo uliishi kwa kazi gani: kupokea magari ya farasi, sufu, bandari, reli, makaa ya mawe, gulio, au kutengeneza bia yenyewe. Kazi ndiyo iliyojenga pabu. Na miji ambayo kazi yake ilikatika ghafla ndiyo mara nyingi imebaki na pabu nzuri, kwa sababu fedha za kubomoa na kujenga upya ziliondoka kabla haijabomolewa.

Burton upon Trent, kwa mfano, ni mji wa bia. Maji ya visima vyake yamepita kwenye jasi na yana madini yaliyofaa mno kwa bia ya rangi iliyopauka (pale ale) ambayo katika karne ya 19 ilisafirishwa hadi India. Alama ya pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ya mji huo ndiyo alama ya biashara ya kwanza kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876. Cambridge ni mji wa chuo, na kwenye pabu ya The Eagle utakuta mambo mawili ya kukushughulisha: ndipo Februari 1953 mwanasayansi Francis Crick alipowatangazia waliokuwa wakila chakula cha mchana kwamba yeye na James Watson wamepata umbo la DNA inayobeba urithi wa viumbe, na chumba cha nyuma kina dari ambalo marubani wa Vita vya Pili waliandika majina na namba za vikosi vyao kwa moshi wa mishumaa na viberiti. Liverpool ni bandari iliyotajirika, na pabu yake ya Philharmonic Dining Rooms, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, ina marumaru hadi chooni kwa wanaume. Mwaka 2020 ilipandishwa daraja la kwanza la majengo yanayolindwa na sheria.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakuambia Stamford, na nitaeleza kwa nini katika hatua ya nne.

Jambo moja la kuepuka: usipoteze safari kukimbizana na "pabu kongwe kuliko zote". Nottingham peke yake ina pabu zaidi ya moja zinazodai cheo hicho. Ye Olde Trip to Jerusalem imeandika 1189 ukutani, ingawa jengo linaloonekana leo ni la karne nyingi baadaye. Nenda kwa sababu nyingine iliyo bora: vyumba vyake vya nyuma vimechongwa ndani ya mwamba laini ulio chini ya kasri, na unakaa mezani ukiwa pangoni.

Hatua ya 3: Kazi ya nyumbani ya jioni moja

Tazama ramani ya mji kwenye simu. Weka alama kituo, uwanja wa soko, kanisa kubwa, mto, na vyoo vya umma. Kisha tafuta pabu mbili, si sita. Chama cha CAMRA, kilichoanzishwa 1971 na wanywaji waliokuwa wakipigania bia ya jadi isife, kina orodha mtandaoni ya pabu ambazo ndani yake hazijavurugwa. Anzia hapo.

Halafu hakikisha saa za kufungua, kwa kupiga simu kabisa. Tangu gharama za umeme na mishahara zipande, pabu nyingi za miji midogo hufunga Jumatatu, nyingine na Jumanne, na kuna zinazofungua saa kumi jioni tu. Jiko nalo lina saa zake: mara nyingi saa sita hadi saa nane na nusu mchana, halafu kimya mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukifika saa tisa na njaa utaambulia pakiti ya krispi.

Uliza pia siku ya gulio. Mji mdogo wa Kiingereza siku ya gulio na siku nyingine ni miji miwili tofauti.

Hatua ya 4: Siku yenyewe, kwa mfano wa Stamford

Stamford uko Lincolnshire, kama robo saa kwa treni kutoka Peterborough. Gulio lake ni Ijumaa. Ulikuwa kituo cha barabara kuu ya zamani ya kutoka London kwenda York na Edinburgh. Magari ya farasi yalisimama hapo kubadilisha farasi, abiria wakala na kulala. Katika miaka ya 1850 njia kuu ya reli ya kaskazini ikapitishwa Peterborough, Stamford ukabaki na reli ndogo ya pembeni. Biashara ya magari ya farasi ikafa na viwanda vikubwa havikuja. Nyumba zake za mawe ya chokaa zikabaki zilivyo, na mwaka 1967 mji huu ukawa wa kwanza England kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo.

Toka kituoni utembee polepole kupitia kwenye majani ya kando ya mto Welland, kama dakika kumi. Usianze na pabu. Pita kwanza kwenye gulio, ununue tufaha au kipande cha jibini, usikilize lafudhi. Ingia kanisani ukae kidogo. Kisha nenda hoteli ya The George. Utaijua kwa mbali: kibao chake kimetundikwa kwenye boriti inayovuka barabara nzima, kutoka upande huu hadi ule, ili msafiri asipite bila kukiona. Ukiingia mlangoni utakuta vyumba viwili vyenye kuta za mbao, mmoja mlango wake umeandikwa London na mwingine York. Abiria wa kwenda kusini walisubiri huku, wa kaskazini kule. Nyuma kuna ua ambako farasi walibadilishwa. Simama kwenye ukumbi ule dakika mbili, uangalie mlango mmoja kisha wa pili. Mfumo mzima wa usafiri wa karne ya 18 uko mbele yako.

The George ni ya bei, kwa hiyo nakushauri kahawa tu pale, huku ukiangalia picha ya Daniel Lambert, mtu mnene kuliko wote wa zama zake, aliyefariki mjini humo 1809 akiwa na zaidi ya kilo 330. Kisha uende The Tobie Norris, mtaa wa St Paul's. Ni jengo la zama za kati lililowahi kuwa la mhunzi wa kengele za makanisa, lenye vyumba vidogo, sakafu ya mawe na boriti zilizopinda. Hapo ndipo pa kukaa.

Pabu mbili zinatosha kwa siku. Ya tatu huikumbuki vizuri, na miguu inadai haki yake.

Hatua ya 5: Isome pabu kabla hujaingia

Simama upande wa pili wa barabara. Anza na jina. Mwaka 1393 mfalme Richard II aliamuru wauza bia waweke vibao nje, na kwa kuwa wananchi wengi hawakujua kusoma, vibao vikawa picha. Nembo yake mwenyewe ilikuwa paa dume mweupe, ndiyo maana The White Hart zimejaa nchi nzima. The Royal Oak ni kumbukumbu ya mwaloni ambao mfalme Charles II alijificha juu yake 1651 alipokuwa akiwindwa baada ya kushindwa vita vya Worcester. The Fleece na The Woolpack zinakuambia mji uliuza sufu. The Cross Keys, yaani funguo zilizopishana, nembo ya Petro, mara nyingi iko karibu na kanisa la Mtakatifu Petro. The Railway iko karibu na kituo, hata pale ambapo reli yenyewe iling'olewa zamani. Utakutana pia na The Black Boy, jina ambalo asili yake inabishaniwa na linaloweza kukuchoma moyo. Mwaka 2021 kampuni ya Greene King ilibadilisha majina ya pabu zake kadhaa za aina hiyo.

Tazama lango. Likiwa pana na refu kiasi cha kupitisha gari la farasi, hapo palikuwa nyumba ya wasafiri, na zizi liko nyuma. London imebakiwa na nyumba moja tu ya aina hiyo yenye roshani za mbao kuzunguka ua: The George Inn ya Southwark, iliyojengwa upya 1677 na sasa inamilikiwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria. Ikiwa badala yake pabu ni nyumba ndogo mwishoni mwa safu ya nyumba za wafanyakazi, haina tofauti kubwa na nyumba za jirani, inawezekana ni mtoto wa sheria ya 1830. Sheria hiyo iliruhusu mwenye nyumba kulipa ginea mbili, fedha ya zamani, na kuuza bia sebuleni kwake. Serikali ilitaka watu waache pombe kali ya jini. Maelfu ya sebule ziligeuka pabu.

Mwisho tazama madirisha na vigae. Vioo vya zamani vimechongwa maneno yanayotaja vyumba: chumba cha kila mtu chenye sakafu tupu na bei ndogo, chumba cha waungwana chenye zulia, na kachumba kadogo ka faragha ambako wanawake na wazee walikaa bila kuonekana na kaunta nzima. Ukiona majina ya vyumba mlangoni na ndani kuta za kuvitenga bado zipo, umepata hazina, kwa sababu pabu nyingi zilibomolewa kuta hizo zikawa ukumbi mmoja. Vigae vya kijani au kahawia nje mara nyingi vina jina la kiwanda cha bia kilichokwisha kufa.

Hatua ya 6: Kuingia na kuagiza

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Hakuna mhudumu atakayekuja mezani kuchukua oda ya kinywaji. Unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba glasi yako. Hakuna foleni inayoonekana, lakini foleni ipo: kila aliyesimama kaunta anajua nani alimtangulia. Ukiulizwa na wewe si wa kwanza, mwonyeshe aliyekutangulia. Kitendo hicho kidogo kitakupa heshima humo ndani kuliko maneno mengi. Usipige vidole wala mluzi. Simama, tazamana na mtu wa kaunta, subiri.

Angalia mipini. Ile mirefu ya mbao au kauri ni pampu za mkono, na inatoa eli ya pipa, bia ya jadi ambayo ndiyo hasa umeifuata. Mabomba mafupi yenye taa ni ya bia za baridi za gesi. Kwetu mhudumu hukuuliza, ya baridi au ya moto? Eli ya pipa haiko huku wala kule: inatoka chumba cha chini ya sakafu chenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Aliyezoea lager, yaani hizo za baridi, atahisi imekosa gesi. Usiihukumu kwa funda la kwanza. Ladha ya kimea na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, huja ulimi ukishatulia.

Bia hii ni hai. Hamira bado inafanya kazi ndani ya pipa lilipofikishwa pabu, na ndiyo inayozalisha gesi yake ndogo. Mwenye pabu hulilaza pipa, hulitoboa, huliacha litulie hadi mashapo yazame, ndipo anauza. Likishafunguliwa hewa inaingia, na ndani ya siku tatu hivi inabidi liishe. Pipa la kawaida ni galoni 9, yaani painti 72. Fanya hesabu mwenyewe: pabu yenye mipini minane na wateja wanne mchana wa Jumanne haiwezi kumaliza mapipa hayo kwa wakati. Mimi nikikuta mipini mitatu na watu kumi nafurahi. Uliza, "Watu wanakunywa ipi zaidi leo?" kisha chukua hiyo hiyo.

Agiza nusu painti, mililita 284. Hakuna atakayekucheka, na utaweza kuonja aina mbili bila kuumia. Unaweza pia kuomba uonjeshwe kidogo kabla ya kununua. Bita ni ya kahawia na ina uchungu wa hopsi. Maildi ni nyeusi-nyeusi, tamu kidogo na nyepesi kwa kilevi, inafaa sana mzee, ila siku hizi ni adimu kusini. Stauti, ile bia nyeusi, tunaijua, lakini ya huku mara nyingi ni asilimia 4 hivi, nyepesi kuliko ya chupa tuliyozoea nyumbani. Kaskazini watakupa bia yenye povu zito juu, kusini ya kufika ukingoni bila povu, na kila upande unaamini ndio sahihi.

Bia ikinuka siki, irudishe kwa upole. Sema haiko sawa. Pabu nzuri inabadilisha bila mabishano, kwani mtu wa kaunta anajua pipa limefika mwisho. Bei mara nyingi ni pauni 4 hadi 6 kwa painti, London zaidi. Bakshishi haidaiwi, ukifurahishwa na huduma, unapoagiza mwambie naye achukue ya kwake, ataongeza bei yake kwenye bili yako.

Kuhusu raundi, sheria yake ni ile ile ya nyumbani, ila huku wanaishika zaidi. Mtu akikununulia, unadaiwa. Kama nia yako ni glasi moja tu, sema mapema, "Mimi moja inanitosha, asante," kabla hajanunua. Ukiondoka, rudisha glasi kaunta. Hulazimiki, lakini wanaliona.

Hatua ya 7: Asiyekunywa, na chakula

Kama imani yako haikuruhusu kukaa panapouzwa pombe, chukua mji na uiache pabu. Hatua ya pili hadi ya tano zote zinakufaa, na miji hii haikosi vyumba vya chai ndani ya majengo ya zamani hayo hayo. Anayeingia lakini hanywi ataagiza soda ya ndimu, kinywaji cha tangawizi, chai au kahawa, na siku hizi hakuna anayeinua nyusi.

Kwenye chakula kuwa makini kuliko kwenye kinywaji. Pakiti zinazoning'inia nyuma ya kaunta si krispi zote. Nyingine ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Pai ya nyama mara nyingi imepikwa kwa eli. Samaki wa kukaanga huweza kuwa amechovywa kwenye uji wa unga uliochanganywa na bia, na chipsi, hasa Yorkshire na kaskazini, huweza kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza bila aibu. Mara nyingi wana taarifa za viambato kwa sababu ya wenye mzio, na watakuonyesha. Nyama ya kuoka ya Jumapili mchana ni tamu na inashibisha, ila weka nafasi siku mbili tatu kabla.

Mbwa wanaruhusiwa kwenye pabu nyingi. Kama unawaogopa au hutaki wakuguse, muulize mtu wa kaunta kama kuna chumba wasichoingia.

Hatua ya 8: Maongezi na michezo

Usitarajie kuamkiwa kwa ajili ya umri wako. Salamu yao ni hali ya hewa, nawe ijibu hivyo hivyo. Baada ya hapo njia rahisi ya kufungua mazungumzo ni kuuliza kuhusu kitu kinachoonekana: picha ya zamani ukutani, kioo chenye jina la kiwanda, boriti yenye alama. Ukimuuliza mzee mwenzako mji huu ulikuwa ukifanya kazi gani alipokuwa kijana, jiandae kukaa. Atakutajia kiwanda, zamu, kengele ya asubuhi, na nani alifukuzwa kazi lini. Naye atakuuliza umetoka wapi. Mjibu kwa ukamilifu, taja Tanga au Kisumu au Bukavu, eleza kazi uliyofanya. Wengi wao hawajawahi kusikia mtu akiwaeleza.

Zipo pabu ambazo ukiingia zinanyamaza kwa namna isiyo nzuri. Ukihisi hivyo, huna deni la kumthibitishia mtu chochote. Toka uende nyingine.

Anayejua dhumna ana tiketi ya kudumu. Kaskazini mwa England dhumna bado inachezwa pabuni kwa bidii, na mchezaji wa barazani Unguja au Mombasa atajifunza kanuni zao kwa mchezo mmoja. Utakuta pia vishale, na huko kusini-magharibi mchezo wa kuangusha magogo madogo kwa mpira wa mbao. Oxfordshire wana mchezo wao, Aunt Sally, wa kurusha vijiti kuangusha gogo jeupe. Omba kutazama kwanza. Watakualika.

Hatua ya 9: Mwili na njia ya kurudi

Mwongozo wa madaktari wakuu wa Uingereza tangu 2016 ni kutozidi yuniti 14 za kilevi kwa wiki, zikiwa zimetawanywa. Painti moja ya asilimia 4 ni yuniti 2.3. Kwa umri wetu kilevi hukaa mwilini zaidi, na wengi tunameza dawa za presha, sukari au kuzuia damu kuganda. Muulize mfamasia wako swali hilo moja kabla ya safari ya kwanza. Ni bure na ni dakika tano. Kila glasi ya bia ifuatishe glasi ya maji. Pabu za kale zina ngazi nyembamba na vyoo mara nyingi viko chini au juu, kwa hiyo angalia vilipo kabla hujachagua meza.

Usiendeshe gari. Kikomo cha England ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, Scotland ni 50 tangu 2014, lakini usijaribu kukikaribia hata kidogo. Kadi za hatua ya kwanza zipo kwa ajili hii.

Ukishuka basi asubuhi, vuka barabara upige picha ratiba ya kituo cha kurudia, maana mara nyingi hakiko ulikoshukia. Basi la mwisho la kijijini linaweza kuwa saa kumi na moja jioni. Desemba giza linaingia saa kumi, kwa hiyo miezi hiyo chagua miji yenye treni na ya vijijini iache hadi Aprili.

Hatua ya 10: Pabu uliyoipenda ikitaka kufungwa

Utaanza kuona vibao vya kuuzwa. Pabu zinafungwa kila mwezi na majengo yanageuzwa nyumba za kukaa. Sheria ya 2011 inaruhusu wakazi wa England kuomba halmashauri iiorodheshe pabu kama mali yenye thamani kwa jamii. Kundi lisilosajiliwa linahitaji wanachama 21 walio kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo au la halmashauri jirani. Ikiorodheshwa inabaki hivyo miaka mitano, na mwenye nayo akitaka kuuza, kundi la jamii linaweza kudai miezi sita ya kukusanya fedha. Inawezekana: The Old Crown ya Hesket Newmarket, kijiji cha Cumbria, ilinunuliwa na wanakijiji kwa hisa mwaka 2003, ushirika wa kwanza wa pabu nchini.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wakiwa na kibali cha kuishi hapa wana haki ya kujiandikisha kupiga kura Uingereza bila kubadili uraia. Ukiwa kwenye daftari hilo, jina lako linahesabika katika wale 21. Fomu ya kujiandikisha iko mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, na ile ya kuorodhesha pabu inaombwa halmashauri ya mahali pabu ilipo.